Kutalii Paris siku ya mgomo wa usafiri: kipi kitakubeba, kipi kitakuangusha

Mgomo wa usafiri Paris hutangazwa mapema, na hapo ndipo mgeni anapopata nafasi ya kujipanga, nafasi ambayo wengi huipoteza wakilalamika hotelini. Sheria ya Agosti 2007 inamtaka mfanyakazi wa nafasi nyeti, kama dereva wa treni, amjulishe mwajiri saa 48 kabla kwamba atagoma. Kampuni nayo lazima iwatangazie abiria huduma zitakazokuwepo, angalau saa 24 kabla. Kwa hiyo jioni ya kuamkia mgomo kila kitu kinakuwa kimeshajulikana: njia ipi ni nzima, ipi ni nusu, ipi imefungwa. Fungua programu ya Bonjour RATP au ya Île-de-France Mobilités kwenye simu, usome njia moja baada ya nyingine. Habari za jumla za televisheni, "mji utasimama", hazikusaidii kitu.

Maneno yanayotumika ni machache, yafaa kuyajua. "Trafic normal", yaani usafiri wa kawaida, haina utata. "1 train sur 3" ni treni moja kati ya tatu: palipokuwa na treni kila dakika tatu, sasa ni dakika tisa, na jukwaani subira ni ndefu zaidi kwa sababu treni mbili za mwanzo zitakuja zimeshona na hutapenya mlangoni. Inayowaponza wageni hasa ni "heures de pointe uniquement", yaani saa za msongamano tu. Njia hiyo inafanya kazi asubuhi, kwa kawaida saa 12:30 hadi 3:30, inafungwa mchana kutwa, kisha inarudi jioni kuanzia saa 10:30 hadi saa 1:30 usiku. Mtu anatoka hotelini saa 3 bila shida, anamaliza makumbusho saa 7 mchana, anafika kituoni na kukuta geti la chuma limeshushwa. (Saa zote humu ni za Kiswahili, ubaoni utaona 16:30 kwa saa kumi na nusu jioni.)

Jambo la pili la kuangalia ni nani anayegoma. Metro, mabasi mengi na tramu za jiji ni za kampuni ya RATP. Treni za mikoani na njia kadhaa za RER (treni za mji na vitongoji), kama C, D na E, ni za SNCF, shirika la reli la taifa. Hawa ni waajiri wawili tofauti wenye vyama na madai yao, na mara nyingi mmoja anagoma huku mwenzake yuko kazini. Lakini mgomo ukiwa wa taifa zima, ule wanaouita "interprofessionnelle", tarajia hata makumbusho kuguswa: tarehe 27 Machi 2023 waandamanaji wa kupinga mageuzi ya pensheni waliziba milango ya Louvre na haikufunguliwa. Wafanyakazi wa Mnara wa Eiffel nao wana migomo yao wenyewe. Ule wa Februari 2024 uliufunga mnara kwa siku sita, wakati metro inatembea kama kawaida.

Treni zisizo na dereva

Hizi ndizo uti wa mgongo wa siku yako. Njia tatu za metro ya Paris hujiendesha zenyewe: njia ya 14 tangu ilipozinduliwa 1998, njia ya 1 yote tangu mwishoni mwa 2012, na njia ya 4 tangu Januari 2024. Hakuna dereva, hivyo hakuna wa kugoma kwenye usukani. Katika mgomo mrefu ulioanza tarehe 5 Desemba 2019, njia ya 1 na ya 14 ziliendelea kutembea wakati nyingine nyingi zimekufa. Siku ya mgomo wa tarehe 18 Septemba 2025 hali ilikuwa hiyo hiyo, safari hii na njia ya 4 ikiwemo.

Ukizitazama ramani zake, utaona kwamba hizi tatu peke yake zinagusa karibu kila kitu alichokuja kukiona mgeni wa mara ya kwanza. Njia ya 1 inapita mashariki hadi magharibi: Bastille, Saint-Paul kwa ajili ya mtaa wa Marais, Hôtel de Ville, Louvre, Tuileries, Concorde, Champs-Élysées yote, hadi Arc de Triomphe kwenye kituo cha Charles de Gaulle–Étoile. Njia ya 4 inakata kaskazini hadi kusini: Gare du Nord, Cité kwa Notre-Dame na Sainte-Chapelle, Saint-Michel, Odéon kwa bustani ya Luxembourg, na Montparnasse. Njia ya 14 inakuunganisha na Saint-Lazare, Madeleine, Gare de Lyon, na tangu Juni 2024 inafika hadi uwanja wa ndege wa Orly.

Sasa kasoro zake. Treni hazigomi, lakini abiria wa njia nyingine zote wanahamia huku. Kati ya saa 1:30 na 3:30 asubuhi, na tena kuanzia saa 11 jioni, utabanwa hadi mkoba usijue uko kwa nani. Muda mzuri ni saa 4 asubuhi hadi saa 10 alasiri. Mabehewa ya njia hizi yameunganishwa, unaweza kutembea ndani kutoka mwanzo hadi mwisho, ila watu hurundikana katikati kwa sababu ngazi nyingi zinashukia hapo. Tembea mpaka ncha ya jukwaa. Mbele kabisa, pale ambapo dereva angekaa, kuna kioo kikubwa kinachotazama handaki, na ukiwa na watoto hicho nacho ni kivutio, tena cha bure.

Simu isikae mkononi karibu na mlango. Kengele ya kufunga milango inapolia ndipo mwizi anapokwapua na kuruka nje. Mlango ukifunga, wewe uko ndani na yeye yuko jukwaani anakutazama.

Kubadilisha treni pia kuna ujanja wake. Njia zote tatu zinakutana Châtelet, na ramani itakushawishi ubadilishie hapo. Usikubali kama una namna nyingine. Châtelet ina korido ndefu zinazochosha hata siku ya kawaida, na siku ya mgomo wahudumu huziba baadhi ya njia za ndani ili kupunguza msongamano. Kati ya njia ya 1 na ya 14, badilishia Gare de Lyon. Kati ya njia ya 4 na ya 1, shuka Cité, vuka daraja kwa miguu, upande Hôtel de Ville. Ni mwendo wa dakika saba hivi, na unakatiza mbele ya Notre-Dame, ingawa ukishatoka nje ya geti utalipia tiketi nyingine.

Kwa habari ya tiketi: tangu Januari 2025 tiketi moja ya metro na treni haitegemei umbali, na bei ilianzia yuro 2.50, ya basi na tramu ilianzia yuro 2. Ni tiketi mbili tofauti. Ya metro haifungui basi. Siku ya mgomo, unaporuka kutoka usafiri mmoja hadi mwingine, hilo linaumiza mfuko haraka, hivyo kama utapanda zaidi ya mara nne au tano angalia pasi ya siku nzima. Chaji kadi ya Navigo Easy, ile ya kuwekea tiketi, siku moja kabla. Mashine za tiketi huwa na foleni, na dirisha la mhudumu linaweza kuwa limefungwa.

Mnara wa Eiffel na Montmartre

Hapa ndipo mpango wa wengi unapovunjika. Mnara wa Eiffel hauko kwenye njia yoyote ya zile tatu. Vituo vyake vya kawaida ni Bir-Hakeim na Trocadéro za njia ya 6 (Trocadéro pia ya 9) na RER C. Zikifungwa, panda njia ya 1 hadi Charles de Gaulle–Étoile, toka kwa mlango wa avenue Kléber, nyoosha moja kwa moja. Baada ya robo saa ya kutembea uko Trocadéro, na mnara unakutokea mzima kati ya mabawa mawili ya jengo la Chaillot. Kutoka hapo unateremka ngazi na bustani, unavuka daraja la Iéna, umefika. Tunaipendelea njia hii hata siku ambayo hakuna mgomo. Wakati wa kurudi usipande tena kilima: fuata mto hadi daraja la Alma, halafu avenue Montaigne mpaka kituo cha Franklin D. Roosevelt, hapo uko tena kwenye njia ya 1. Hesabu dakika 25 hadi 30.

Montmartre ni rahisi kuliko inavyosemwa. Kituo cha Anvers cha njia ya 2 kikifungwa, shuka Château Rouge ya njia ya 4. Unatokea katikati ya soko la vyakula vya Kiafrika, mihogo, ndizi za kupika na samaki wakavu hadi barabarani, kisha unapanda kuelekea kanisa la Sacré-Cœur kutoka upande wa nyuma kwa dakika kumi hivi. Upande wa mbele kuna kigari cha kamba cha kupandia mlima, lakini nacho ni cha RATP, usikitegemee. Ngazi zilizo kando yake, rue Foyatier, ni 222. Mwenye goti bovu ajue kabla ya kuanza.

Baiskeli za Vélib'

Hizi ni baiskeli za kukodi za jiji, unazichukua na kuzirudisha vituoni. Hii ndiyo huduma bora ya siku ya mgomo na ndiyo yenye mitego mingi zaidi. Kijani ni ya kawaida, buluu ni ya umeme. Unanunua pasi kwenye programu, benki inazuia dhamana ya yuro 300 kwa kila baiskeli (haikatwi, inazuiwa tu, hivyo kadi yenye salio dogo itakataliwa), kisha unaingiza namba ulizopewa kwenye kisanduku cha usukani na kuivuta baiskeli. Umri wa chini ni miaka 14. Ni chuma kizito, zaidi ya kilo 20, haibebeki kupandishwa ngazi.

Kabla ya kuivuta, tumia nusu dakika kukagua. Kiti kikiwa kimegeuzwa kutazama nyuma, iache: ndivyo wenyeji wanavyoambiana kwamba hiyo ni mbovu. Bonyeza matairi yote mawili kwa kidole gumba. Kamata breki moja moja. Zungusha pedali kinyume uone kama mnyororo umekaa. Inua kiti halafu kikalie. Kuna vingi vinavyoshuka polepole kila ukikanyaga, na baada ya dakika kumi unaendesha kama mtoto aliyepewa baiskeli ya baba. Siku ya mgomo kituoni zinabaki zile zilizokataliwa na wengine kumi, hivyo idadi inayoonyeshwa kwenye simu isikudanganye. Simu ikisema zimebaki tatu, chukulia hakuna.

Mtiririko wa mji nao una tabia yake. Asubuhi kila mtu anateremka kutoka Belleville na Montmartre kuja katikati, basi vituo vya mlimani vinakuwa vitupu na vya katikati vinajaa hadi hakuna pa kurudishia. Jioni ni kinyume. Ukikuta kituo kimejaa, usizunguke bila mpango. Baadhi ya vituo vina huduma ya Park+, ambapo unaruhusiwa kuifunga baiskeli kwa kebo yake katikati ya mbili zilizokwisha kuchomekwa. Kama hakuna, nenda kituo cha pili mbali na mto. Kwa kawaida nafasi hupatikana haraka huko kuliko kando ya Seine. Ukishachomeka, subiri mlio na uthibitisho kwenye kioo, kisha hakikisha kwenye programu kwamba safari imefungwa. Anayeondoka mbio mbio bila kuhakikisha ndiye anayekuta saa zimeendelea kuhesabiwa usiku kucha, na ile dhamana ikaanza kuwa na maana.

Njia nzuri ya kuanzia ni rue de Rivoli, ambayo tangu 2020 sehemu kubwa yake wameachiwa waendesha baiskeli, kutoka Bastille hadi Concorde, tambarare kama meza. Boulevard de Sébastopol ina njia pana pia, lakini siku ya mgomo ni msafara, na wenyeji wana mwendo mkali: kaa kulia, usisimame ghafla kupiga picha. Kuendesha juu ya njia ya waenda kwa miguu ni faini ya yuro 135. Kushika simu au kuvaa spika za masikioni ukiwa unaendesha, faini ni hiyo hiyo. Kwenye taa nyingi utaona kibao kidogo cha pembetatu chenye baiskeli na mshale wa njano. Kinakuruhusu kupita kuelekea upande wa mshale taa ikiwa nyekundu, baada ya kuwapisha watembea kwa miguu. Bila kibao hicho, simama.

Skuta za umeme za kukodi usizitafute. Wapigakura wa Paris walizikataa Aprili 2023 na ziliondolewa mwisho wa Agosti mwaka huo. Ushauri wa zamani wa mgomo wa 2019 bado unazitaja sana.

Boti, basi, teksi

Batobus ni boti ya kampuni binafsi inayosimama kwenye magati ya katikati ya mji, hivyo mgomo wa RATP hauigusi. Kosa la kawaida ni kusahau kwamba inazunguka upande mmoja tu. Kutoka Mnara wa Eiffel inakwenda Invalides, Musée d'Orsay, Saint-Germain-des-Prés, Notre-Dame, Jardin des Plantes, kisha inageuka na kurudi kwa Hôtel de Ville, Louvre, Concorde na mnara tena. Kutoka Louvre kwenda Eiffel ni safari fupi. Kutoka Eiffel kwenda Louvre ni karibu duara zima, zaidi ya saa moja. Kwa hiyo anza siku yako mnarani ukifuata mkondo wa boti, au upande Louvre alasiri ukielekea mnarani. Tiketi ni ya siku nzima na si ya bei rahisi. Kwa safari moja tu hailipi. Maji ya Seine yakipanda sana, boti husimama.

Mabasi ya jiji: yawe chaguo la mwisho. Hata yale yenye madereva hukwama, kwa kuwa kila mwenye gari ametoka nalo siku hiyo. Mabasi ya ghorofa ya watalii yana tatizo hilo hilo, na unalipia bei kubwa kutazama foleni ukiwa juu.

Teksi zina faida moja kubwa: nauli kati ya uwanja wa ndege na mji imepangwa, haipandi kwa sababu ya mgomo. Kwa bei zilizowekwa 2024, Charles de Gaulle hadi ukingo wa kulia wa Seine (kaskazini) ni yuro 56, ukingo wa kushoto (kusini) 65. Orly ni 36 ukingo wa kushoto na 44 wa kulia. Ni bei ya gari, si ya kichwa. Magari ya kuita kwa programu hupandisha bei mahitaji yakizidi, na siku ya mgomo yanazidi. Fuata foleni rasmi ya teksi nje ya jengo. Anayekufuata ndani ya ukumbi wa kuwasili akinong'ona "taksi" hana leseni.

Kwa miguu

Mtu mwenye viatu vizuri anaweza kuona kiini cha Paris bila tiketi yoyote, mradi aanzie juu na kuteremka. Anzia Arc de Triomphe, shuka Champs-Élysées, kilomita 1.9, hadi Concorde. Pita ndani ya bustani ya Tuileries, kisha vuka mto kwa daraja la waenda kwa miguu linaloitwa Passerelle Léopold-Sédar-Senghor, lililopewa jina la rais wa kwanza wa Senegal mwaka 2006. Wengi hulipita bila kusoma kibao. Ng'ambo ni Musée d'Orsay (hufungwa Jumatatu, Louvre hufungwa Jumanne). Endelea ukingoni hadi Notre-Dame, iliyofunguliwa tena Desemba 2024 na kuingia ni bure. Jumla ni kama kilomita tano. Vyoo vya barabarani, vile vibanda vya kijivu, ni bure, lakini hujiosha baada ya kila mtu: usidandie mlango ukiwa bado wazi baada ya mwenzako kutoka, usije ukaoshwa nacho.

Maandamano kwa kawaida huanza mchana, na mapito yake ya jadi ni République, Bastille, Nation. Polisi hufunga vituo vya hapo, hata vya njia ya 1. Tembelea Marais na Bastille asubuhi, mchana uwe upande wa magharibi.

Versailles na uwanja wa ndege

RER C ikikatika, Versailles bado inafikika endapo SNCF haigomi: njia ya 14 hadi Saint-Lazare na treni ya L hadi Versailles Rive Droite, au njia ya 4 hadi Montparnasse na treni ya N hadi Versailles Chantiers. Zote mbili zinakuacha na mwendo wa robo saa hadi dakika 20 kufika kasri. Kama SNCF nayo imegoma, ihamishie siku nyingine, na kumbuka Jumatatu kasri limefungwa.

Kwa Orly, njia ya 14 ndiyo jibu: kama dakika 25 kutoka Châtelet, kwa tiketi maalumu ya uwanja wa ndege iliyoanzia yuro 13. Kwa Charles de Gaulle kuna RER B, ambayo ni ya RATP kusini mwa Gare du Nord na ya SNCF kaskazini yake. Siku ya mgomo treni mara nyingi hazivuki mpaka huo: unateremshwa Gare du Nord na kutafuta treni nyingine, pengine kwenye jukwaa la ghorofa tofauti. Nenda moja kwa moja Gare du Nord kwa njia ya 4, usome ubao, na uongeze saa moja na nusu juu ya muda uliopanga. Ukiwa na mabegi makubwa mawili na ndege ya asubuhi, agiza teksi usiku uliotangulia. Kuagiza mapema kunaongeza yuro chache juu ya nauli iliyopangwa.